Kengele ya Nne

Mnara wetu una kamba sita,
na kamba sita zinataka watu sita wanaotazamana.
Kazi si nguvu za mkono.
Kazi ni kumwangalia mwenzako anapovuta,
umwachie nafasi yake, uchukue yako,
mpigo mmoja nyuma, mpigo mmoja mbele.
Marehemu mume wangu aliiita adabu ya shaba.

Mwaka wa kura ya maoni, mabango yaliota bustanini
kabla ya waridi.
Kwa Clifford: TUTOKE.
Kwa Winifred, ng'ambo ya barabara: TUBAKI.
Usiku mmoja mtu aling'oa la Winifred
akalichomeka kichwa chini kwenye mboji.
Clifford aliapa si yeye.
Winifred akamwambia ahsante,
kwa sauti ya kufungia mlango.

Jumanne, siku ya mazoezi,
walipanda ngazi arobaini na tisa
mmoja akihema mgongoni mwa mwingine.
Huko juu ndiko walikofunguka.
"Sheria za Umoja wao zinanifuata hadi zizini!"
"Na ruzuku yao je, haikufuati?"
"Hela zetu wenyewe, zimezungushwa zikarudi zimekonda!"
"Wajukuu zangu watapanga foleni mipakani kama wageni."
"Wangu hawana hata nauli ya kufika kwenye foleni."
Mchungaji akakumbuka kwamba amebandika chai.

Rasa alishika kamba ya nne, kimya.
Alitoka Lithuania kuja kukata kabichi zetu.
Hakungojea siku ya tatu apewe jembe:
kisu alikabidhiwa siku aliyoshuka basi.
Miaka minane alikuwa nasi,
na kura hakuwa nayo.
Hakuna aliyemuuliza.
Mimi nilisema nini?
Nilisema, "Tuanze basi, giza linaingia."

Kura ni siri, na siri yangu ni hii.
Ndani ya kile kibanda cha mbao,
penseli imefungwa kwa uzi kana kwamba ingetoroka,
niliwaza basi la saa nne lililofutwa,
zahanati iliyogeuzwa duka la mazulia,
bwana wa televisheni aliyelikosea jina la mji wetu
mara mbili, na hakujisahihisha.
Ulaya sikuiwaza hata kidogo.
Nikatia alama kwenye kutoka,
kama mtu anayepiga meza
ili waliompa mgongo wageuke.

Waligeuka. Kamera zilikaa wiki moja,
zikapiga picha kabichi, zikaondoka.

Jumanne iliyofuata Clifford alileta keki ya ndimu.
Winifred hakuja.
Rasa alikuja, kwa wakati, kama kawaida.
Kiwandani mtu alikuwa amemuuliza kama ameshafunga mizigo,
na watu wakacheka.
"Alikuwa anatania tu," aliniambia,
akinishika bega,
yeye akinifariji mimi.

Alihama Oktoba, mwaka wa pili.
Hakufukuzwa. Hakubembelezwa pia.
Msumarini aliacha daftari la zamu za kengele,
tarakimu zetu, na pembeni maneno yake
tusiyoweza kuyasoma.

Winifred amerudi. Wanaongea sasa, yeye na Clifford,
kuhusu mvua, kuhusu grisi ya magurudumu.
Tuko watano.
Zamu ya nne ikifika, mikono yote husubiri,
na juu ya mashamba unapita mpigo usiopigwa.

Jana Clifford alisema, "Tulizibe pengo hili, linasikika vibaya."
"Na lisikike," akajibu Winifred.
Basi likatakiwa lipigiwe kura, kwa kunyoosha mkono.
Desmond wa posta akawa na Clifford.
Tamsin, mwenye miaka kumi na saba, akawa na Winifred.
Wawili kwa wawili.

Wakanigeukia.
Safari hii hapakuwa na kibanda wala penseli,
na mikono yangu yote miwili
ilikuwa bado imeshika kamba.