Vikaratasi vya Njano

Mimi huingia saa kumi na moja jioni,
yeye keshaondoka saa kumi.
Kwa hiyo miaka sita, Bi Ackroyd wa mapokezi
nimemjua kwa mwandiko tu:
herufi zilizolala upande, kama nyasi za vilima vya Huddersfield
upepo wa magharibi ukizipitia.

Kikaratasi cha njano, kando ya ndoano ya funguo:
"Choo cha ghorofa ya pili, sabuni imekwisha."
"Dirisha la maabara halifungi. Tena."
Nami chini yake, kwa Kiingereza changu cha kuazima,
nikikosea tahajia ya neno lilelile kila mara:
"Nimeona. Nimeweka kabari."

Muhula huu vilikuwa vingi.
Aprili: "Samahani kwa rangi ukumbini.
Watoto wa mwaka wa nane wamechora ukuta mzima.
Usiufute, hata pale palipochuruzika."

Mei: "Zofia Wilk amekuwa wa pili jimbo zima, hisabati.
Analia. Anasema wa pili si kitu.
Ukikuta ubao wa chumba kumi na nne umejaa namba, uache."
Nikauacha. Nikafagia kwa kunyata,
kana kwamba zile namba zimepitiwa na usingizi.

Juni: "Netiboli wamerudi na kikombe. Na matope."
Matope niliyajua kabla sijasoma.
Kikombe nilikipangusa alama za midomo,
nikahesabu kumi na mbili;
hata wale wa akiba walikibusu.

Na kimoja nilikisoma mara tatu, nimesimama na ndoo:
"Leo Idris Mahmood amesoma aya moja kwa sauti.
Darasa zima liliacha kupumua.
Hili halitatangazwa. Nimeona nikwambie wewe."

Kisha wakaanza kuondoka.
Bwana Threlfall wa fizikia, miaka ishirini na tisa,
aliacha sanduku la sumaku na buti za mvua.
Bi Olwen wa jikoni, anayerudi Wales kwa dadake,
aliacha jiko linang'aa kuliko siku lilipoletwa.
Puto, keki, visahani vya karatasi.
Mfagizi huijua kwaheri kwa taka zake:
aliyependwa huacha makombo mengi,
mpaka chini ya piano.

Ijumaa ya mwisho wa Julai, rasharasha dirishani,
sakafu ya mapokezi safi. Hata punje.
"Mimi nami, leo. Nilikataa keki.
Funguo zote zipo, nimezihesabu.
Maabara, tafadhali, kapaangalie. M.A."

Nilikaa kwenye kiti chake, mara ya kwanza.
Kifupi. Magoti yangu yaligonga meza.
Nikachukua kikaratasi, na safari hii
sikuazima lugha ya mtu:

*Mkono hatujapana, vikaratasi vyatosha,*
*Kwa wino tumejuana, kalamu haikuchosha,*
*Kwaheri ya kuonana, japo zamu zatupisha,*
*Dirisha likigongana, nitasema wakumbusha.*

Nikakibandika pale pale, kando ya ndoano.
Ndipo nikakumbuka kwamba Jumatatu haji.
Nikakibandua. Gundi ikashika vumbi la kidole changu,
nikakitia mfuko wa shati.

Nikapanda maabara na kabari yangu ya mbao.

Dirisha lilikuwa limefungwa.
Kwa kamba ya kiatu cha kike, rangi ya kahawia,
mafundo mawili na la tatu la wasiwasi.
Nikamwona, kwa mawazo, akishuka ngazi
kiatu kimoja kikimpwaya,
akivuka ua, akipita lango.

Na juu ya kioo, kwa herufi zilizolala upande,
pamoja na kosa langu la tahajia, kalinakili vilevile:
"Nimeona. Nimeweka kabari."