Walichimbiwa na Mlima

Panya wengi hawachimbi shimo, husemwa.
Hawa hawakuhitaji kuchimba:
walichimbiwa na mlima.
Chini ya nyumba yetu, hapa Buhene,
moto ulipopoa uliacha vichochoro
visivyo na majina wala wakuu wa avenyu,
na humo wamehamia.

Usiku wa kwanza nilidhani ni mvua
inayojaribu bati kwa kucha.
Usiku wa pili ilikuwa mfuko wa maharagwe.
Usiku wa tatu wakala sabuni,
pembe ya kadi ya kura ya mume wangu,
na soksi moja, moja tu,
kana kwamba walipimiwa.

Nabintu wa jirani akaniletea dawa ya unga, ya pinki.
"Changanya na fufu, asubuhi utaokota."
Nikaitazama. Nikamtazama mdogo wake Kasoki,
anayetambaa na kuokota kila kitu kabla yangu.
Nikairudisha.

Basi bidoni la lita ishirini, limekatwa mdomo,
ubao wa kupandia,
kijiti kilichopakwa karanga.
Saa nane za usiku: pu!

Taa ya simu. Si panya wa soko,
yule mnene mwenye mkia wa kamba.
Huyu mwekundu kama udongo wa Masisi,
tumbo jeupe,
masikio kama majani machanga ya maharagwe
(maharagwe yangu).
Alikuwa anatetemeka.
Nami nilikuwa na fimbo mkononi
na hasira ya kilo tatu.

Sijui ni nini kilichoishusha fimbo.
Labda uchovu. Sitaki kuuita huruma;
kesho yake nilikwenda kukopa mengine.

Alfajiri tukabeba bidoni, mimi na Kasoki,
hadi ng'ambo, kule lava bado inakata viatu,
penye majani matatu na hakuna nyumba.
Tukalilaza. Hakutoka mara moja.
Alinusa jiwe kama mtu anayesoma barua,
kisha hakuwepo.

"Mama, ataijua njia ya kurudi?"
Sisi tulirudi kutoka Sake kwa miguu,
godoro kichwani, tukiitafuta mitaa
mahali ilipokuwa mitaa.
Sikumjibu.

Mchana nikaziba nyufa: kokoto, matambara,
nusu mfuko wa simenti wa kuomba.
Maharagwe nikayatundika kwa waya.
Usiku nikalala macho wazi, nikisikiliza
chini ya mkeka, chini ya mbao,
wakihamisha vitu vyao vidogo
chumba hadi chumba
katika nyumba ambayo sitaiingia.