Bawaba

Mlango tuliuchonga Tuzla, mbao za mwaloni,
kwa mchezo unaohitaji mlango tu na watu wanne:
Senad wa kwetu, Radojka wa Novi Sad,
Vjeran aliyetangulia Osijek kupanga viti,
na Tjaša wa Celje, anayetafuna mbegu za maboga mazoezini
akaniachia mimi maganda ya kufagia.
Neno "mkate" liliwagombanisha siku mbili.
Mwishowe kila mmoja akautaja kwa namna ya kwao,
na mkate ukalika.

Saa kumi na moja alfajiri, ng'ambo ya mto Sava,
ofisa wa forodha akapanda lorini na kurunzi.
"Mlango wa nini huu?"
"Wa kuigizia."
"Unafungukia wapi?"
"Inategemea mji."
Hakucheka. Fomu yake haikuwa na nafasi ya jibu hilo.

Nchi ya asili, akasoma, kalamu tayari.
Mbao, andika Bosnia. Rangi ni ya Hungaria.
Kitasa nilikibandua nyumbani kwa shangazi,
nyumba isiyo na paa tangu tisini na mbili.
Na bawaba?

Akainama, akaisugua kutu kwa kidole gumba,
taratibu, kama anayechungulia iwapo kidonda kimepona,
na chini ya kutu likajitokeza jina la nchi
iliyotuzaa sote wawili,
herufi kumi na moja zimesimama wima
kama watoto wa gwaride ambao hawajaambiwa waende nyumbani.

"Hii," akasema, "kompyuta haiijui."

Kisha, sijui ni uchovu au ni nini,
akaamuru tuushushe.
Tukausimamisha juu ya lami, katikati ya koni mbili,
malori nyuma yetu yakipiga honi.
Akabisha hodi.
Tjaša, aliyekuwa amejikunja usingizini kwenye mapazia,
akaitika kwa mazoea: "Karibu!"
Na yule bwana akajipangusa viatu,
pasipo na zulia wala nyumba,
akapita.
Akasimama upande wa pili, akitazama alikotoka,
muda wa kutosha sigara moja. Hakuvuta.

Muhuri akaugonga.
Kwenye nchi ya asili ameandika: *chuma.*

Usiku Osijek, onyesho la pili, bawaba ikalia
hata safu ya nyuma wakaguna.
Radojka amenituma mafuta.
Nimeyanunua. Yamo mfukoni tangu juzi,
kizibo sijakigusa.