Umande wa Tumbaku

Kikombe kilifika Haskovo saa mbili asubuhi,
kimevikwa soksi ya sufu, kimebanwa kwapani
njia nzima kutoka kijijini,
maana niliwaambia: kisipoe.
Velko alikitua mezani kama mtu arudishaye deni,
akasimama akitazama viatu vyake.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu.
Tone, kioo, hadubini, kibonyezo kidoleni:
tiki kwa inayoogelea,
tiki kwa inayozunguka pale pale kama nzi aliyelewa,
tiki kwa iliyotulia tuli.
Miaka kumi na tisa nahesabu wana wa watu
kabla hawajawa mtu.
Siku ile kidole kilichoka upande wa tuli.

“Unavuta?”
“Sivuti.”
“Hata zamani?”
“Hata jeshini.”
Nedyalka, mkewe, akainua uso:
“Ningejua. Mashati yake nafua mimi.”
Nikaandika *havuti*, na pembeni alama ya kuuliza,
kwani wengi waketio kiti kile husema hivyo,
kisha mkojo huwasuta.

Mkojo wa Velko ukamsuta.
Nikotini ilikuwemo, imepita kwenye ini,
imebadilishwa jina, lakini ni yeye yule.
Nedyalka akamgeukia mumewe, asiseme neno.
Nami, kwa kukosa pa kutazama,
nikatazama mikono.

Nyufa za vidole zilikuwa nyeusi,
weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa limau.
Naujua. Mama alizikwa nao.
Julai tuliamshwa saa tisa usiku
tuchume tumbaku kabla jua halijalegeza majani,
umande ukituloweka hadi viwikoni,
na kukipambazuka natapika kando ya mtaro,
bibi akisema: jani limekuonja, mwanangu, kunywa maji.
Nyumbani kwetu hakuna aliyevuta.
Sisi ndio tuliovutwa,
kinyweleo kwa kinyweleo.

Basi nikavuta karatasi, nikawachorea.
Korodani ni vijia vyembamba, vimezongwa
kama uzi wa kutungia majani.
Humo mna seli walezi; kila moja imekumbatia mbegu changa,
huzilisha, haziachii hadi mkia uote.
Nje ya ukuta wapo wapishi wa homoni,
moto mdogo usiolala.
Nikotini haibishi hodi, huingia na damu.
Mpishi hupunguza kuni. Mlezi hulegeza mikono.
Mbegu hutoka kichwa kimebonyea,
au hutoka nzima, ila waraka iliobeba
umechanika katikati.

“Kwa hiyo kosa ni langu,” akasema.
Sijui, nikamjibu. Hadubini haimtaji mwizi,
huonyesha mlango uliovunjwa.
Mbegu moja hujengwa kwa siku sabini na kitu.
Vaa glavu. Ngoja umande ukauke.

Akacheka, mara ya kwanza.
“Umande ukikauka jani huvunjika,
na mnunuzi hukata bei.
Nikiacha tumbaku, huyo mtoto atakula nini?”
Kibonyezo changu hakina kitufe cha swali hilo.

Oktoba soksi ilirudi, ile ile,
kisigino kimetiwa kiraka.
Alivaa glavu msimu mzima, akaniambia,
za kuoshea vyombo, rangi ya waridi,
na shamba la jirani bado linamwita Bibi Harusi.
Nikaweka tone. Nikainama.
Hazikuwa nyingi.
Nedyalka alisimama mlangoni, koti hajavua,
akisikiliza tiki, tiki,
asijue ipi ni ya inayokwenda
na ipi ni ya iliyolala.

Nikapoteza hesabu.
Nikaanza upya.