Mwizi Wangu wa Birere

Nimelipa faranga elfu mbili
kumwona mwizi.

Nimezihesabu mara mbili mbele ya kijana wa mlangoni,
noti zinazonuka moshi wa mbuzi,
akanipa kipande cha karatasi chenye picha ya kucha.
Nyumba yenyewe ni ya mbao, imepakwa rangi nyeusi,
imekaa juu ya lava kama kuku anayeatamia mawe.
Darubini tatu. Benchi moja.
Ukutani wamechora mabawa ya tai, kipimo chake halisi,
watoto wa shule wanajipima nayo mikono
na hakuna anayefika nusu.

Miaka tisa nachoma mishikaki njia panda ya Birere.
Miaka tisa huyu, au nduguye, au mjomba wake,
anashuka kutoka kwenye waya
bila salamu, bila kuuliza bei,
na kijiti kinabaki uchi mkononi mwa mteja.
Mteja ananitazama mimi.
Siku ile ya lava nilikimbia na jiko tupu kichwani,
nikageuka, nikamwona juu ya moshi
anazunguka, hana haraka,
anaokota panya waliokuwa wakikimbia kama sisi.
Sikumsamehe hata siku ile.

Anayetuongoza anaitwa Nzigire,
ana kovu kwenye kidole gumba na haongei kwa nguvu.
Huyu ni kozi, anasema, chakula chake hukikamata hewani.
Huyu furukombe, wa ziwani, sauti yake mnaijua
kabla ya kumjua mwenyewe.
Na huyu bundi.
Mama mmoja akamfunika mwanawe macho.
"Hajamloga mtu. Anakula panya wa ghala.
Mkifiwa usiku, yeye alikuwa macho tu."
Nikacheka. Halafu nikaacha.

Kisha wangu.
Mdomo wa manjano, mkia wenye panda.
Bawa la kushoto limeungua kwenye waya wa Katindo:
umeme ambao sisi hatujauona wiki ya tatu sasa,
yeye ulimkuta.

Maneno nilikuwa nimeyaandaa tangu nyumbani.
Paja la mbuzi, Jumamosi ya Pasaka.
Kijiti cha yule askari, na kofi nililolipia.
Akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili,
kama mteja anayeuliza bei na anajua hanunui.

"Wenzake huhama mvua zikibadilika," Nzigire anasema,
"wanavuka mipaka, hakuna anayewadai kitambulisho.
Huyu haendi tena."

Akanivalisha glavu ya ngozi, kubwa, ya mkono wa mtu mwingine,
akanipa kipande cha moyo wa mbuzi.
Vidole vilijua vyenyewe namna ya kushika,
gumba na viwili, kama juu ya makaa.
Akachukua.
Taratibu!
Aliyenipora kabla sijapepesa jicho
akachukua kama mtoto aliyeonywa mbele ya wageni,
na uzito wake ulikuwa mdogo,
mdogo kuliko hasira niliyombebea.

Nilirudi kwa miguu nikiangalia juu, nikajikwaa mara mbili.
Kwenye jiko, kijiti kimoja kilikuwa kitupu.
Binti yangu akaanza kujitetea, kitambaa kingali mkononi:
mama, nilimfukuza, mama, haki ya Mungu.
Nikamwuliza
bawa lake la kushoto lilikuwaje.