Kumbukumbu za Kikao cha Boflo

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao.
Karatasi mbili, zina muhuri, zimo kwenye faili la kijani.
Haya mengine sikuyaandika.

Shimanzi, saa nne asubuhi,
kiyoyozi kimekata roho tangu Ijumaa.
Ajenda moja: mbwa.

Wakesho alimleta Jumatatu, kamfunga kwa ukanda wa mkoba,
mbwa wa rangi ya mkate uliokolea moto, kwa hiyo Boflo.
Kule Mikindani mwenye nyumba kasema
akibweka tena mchana peke yake mtahama nyote wawili.
"Nyote wawili," Wakesho alirudia,
na hapo ndipo nilipokumbuka
kwamba tangu matanga ya mumewe
hatukuwahi kumuuliza anaishi na nani.

Bwana Taibali akauliza kuhusu wateja.
Akauliza kuhusu manyoya kwenye stakabadhi,
na nani atazoa kile kitakachohitaji kuzolewa.
Mwero dereva hakuuliza. Alipandisha shati.
Sindano kumi na nne, akasema, kuzunguka kitovu,
darasa la pili, Mazeras.
Nyinyi mnamwona mbwa. Mimi namwona daktari.
Tulicheka, kisha tukaona yeye hacheki.

Mtu akatupa methali, kama ilivyo ada:
ukicheza na mbwa atakufuata msikitini.
"Msikitini hajafika," Wakesho akajibu.
"Yuko chini ya meza ya fotokopi."

Na kweli alikuwepo, ulimi nje,
akitutazama mmoja mmoja
kwa adabu ya mtu anayesubiri mshahara.
Juu ya meza hiyo hiyo, kwenye manifesti za chai,
alilala paka wetu Sharifa, mwaka wa sita huu,
ambaye hakuna aliyewahi kumwitia kikao.

Tulikuwa tunamngoja Bi Rukiya.
Mhasibu, mtu wa Kibokoni,
anayeswali adhuhuri kule stoo kati ya maboksi ya risiti.
Tulidhani atawaka. Hakuwaka.
Alisema kikavu kwa kikavu hakina neno,
shida ni ile pua, na ule ulimi,
na kwamba yeye saa sita unusu hana muda
wa kuosha baibui mara saba, moja kwa udongo,
kisha arudi kufunga hesabu za mwezi.
Akageuza ankara, akaandika nyuma yake,
akanisukumia niisome, sauti yake imekauka kwa mafua:

*Simtukani huyu mbwa, kiumbe cha Rahamani,*
*Aliyeumbwa kaumbwa, sina kinyongo moyoni,*
*Mswala ukishalambwa, nitaswali kwenye nini?*
*Mpeni pake kivuli, nami mnipe amani.*

Kimya.
Hata Taibali, ambaye mashairi kwake ni hasara ya karatasi,
aliomba aisome tena mwenyewe.

Tukaamua, na hili limeandikwa:
Jumanne na Alhamisi tu, baraza ya nyuma,
chini ya mabati, kamba ya mita mbili.
Utepe mwekundu sakafuni, asiuvuke.
Ndoo ya udongo na kopo kando ya mfereji.
Mwero aingilie mlango wa mbele.
Cheti cha chanjo kibandikwe ukutani, karibu na leseni.

Na siku zile tatu nyingine? aliuliza Wakesho.
Tukaitazama feni.

Jana jioni, wengine wameshaondoka,
nilimwona Bi Rukiya kwenye mlango wa nyuma
na karatasi ya viazi karai.
Alisimama nyuma ya utepe,
kakusanya baibui kwa mkono mmoja,
akakadiria umbali kama anayekadiria ushuru.
Kiazi kikaruka. Boflo hakukikosa.
Akageuka, akanikuta.
"Sikumpa," alisema. "Kimeanguka."

Nikarudi mezani, nikafungua faili la kijani.
Mengineyo, nikaandika: hakuna.