Jua la Wati Mia Mbili

Usiku ule nilikuwa jua.
Baba alinipa taa ya wati mia mbili
na kitambaa cha kushikia shingo yake ya moto,
akanisimamisha juu ya kreti la soda, upande wa mashariki,
akasema: usipumue sana, asubuhi inatikisika.

Chini yangu, juu ya meza ya studio, Mtaa wa Rwagasore,
kiwanja cha ndege ambacho bado hakijawa kiwanja:
jengo la abiria, refu kama mkono wa mtu mzima,
paa lake limepinda mara tano
mithili ya karatasi iliyokunjwa ikakataa kukunjuka,
nguzo nyembamba, ukuta wa mbele wote kioo.
Kioo hicho kilikuwa filamu za eksirei
alizozisugua Fulgensi Bahitwa kwa magadi
hadi mbavu za watu zikatoka.
Moja haikutoka vizuri. Ukichungulia ukumbi wa wanaoondoka
utaona pafu la mtu, jepesi, limening'inia.

Miti ni dodoki lililochovywa wino wa kijani.
Mawe ni mawe kweli, ya Kapripointi,
yamepandana kama yanavyopandana yale makubwa
ambayo hakuna aliyeyapanga.
Na ziwa (hapo Fulgensi alishusha sauti)
ziwa lilikuwa kioo cha kabati la mkewe.

Wachoraji walikuwa mbali, walituma karatasi za bluu.
Walitaka picha, na walizitaka haraka:
wakubwa wa Dar es Salaam hawasomi michoro,
wanatazama.
Baba akainama, shavu mezani,
lenzi ikashuka mpaka magotini pa abiria wa njiti.
"Ukisimama," alisema, "unapiga picha ya kadibodi.
Lala, nalo litasimama."

Dirisha lilikuwa wazi. Wadudu wa ziwani
walikuwa wameinuka tangu jioni, upande wa Saanane, kama moshi wa shamba,
na mmoja akaifuata taa, akazunguka paa mara mbili,
akatua kwenye lami.
Niliinua mkono nimfukuze. Asubuhi ikayumba.
"Jua, tulia!"
Baba akabonyeza.

Kwenye picha hutajua. Mbawa zina mishipa kama vyuma,
kivuli kimelala sawasawa kuelekea magharibi,
na abiria kumi na wawili wamegeuka kumtazama.

Kisha umeme ukakatika, bila kuaga,
nami nikawa mtoto juu ya kreti
mwenye kidole kilichoungua.
Mikono ilipapasa gizani, ikapata kiberiti.
Kitupu. Njiti zote zilikuwa safarini.
Fulgensi alikuwa amezikata vichwa, zisije zikaleta balaa,
isipokuwa moja, aliyoiachia kofia yake nyekundu
pale mlangoni, peke yake, bila mzigo.
"Huyo ni mimi," aliwahi kuniambia. "Naiwahi ndege ya kwanza."
Akamng'oa mwenyewe. Nilisikia gundi ikiachia.
Akamkwaruza.

Kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu
jengo lote liliwaka kwa ndani,
ukumbi ukavuta pumzi,
ziwa likapata mwezi.
Halafu mshumaa. Halafu Fulgensi akinyonya kidole chake
na kucheka, lakini si sana.

Lililokuja kujengwa ni jingine, paa bapa.
Picha zetu zilirudi na mhuri, na neno *ghali*.
Kioo kilirudi kabatini. Mama Nyabuso alisema gundi haitatoka,
na haikutoka: kila asubuhi akijifunga kilemba
ufuko ulimpita shingoni.

Negativu ninazo mimi. Nikiziinua dirishani
anga ni jeusi, vivuli vyeupe, yule mdudu bado hajaondoka.
Ya mwisho Baba aliipiga kwa mshumaa, akiacha lenzi wazi
muda ambao chai ingepoa.
Mlangoni pana doa la gundi.
Nimelipima kwenye picha iliyosafishwa kwa ukubwa wa jengo lenyewe:
milimita mbili na nusu.
Kwa kipimo cha Fulgensi, moja kwa mia,
ni sentimita ishirini na tano,
nafasi ya mtu kusimama, na viatu vyake.